Bi Pindo Hageuki

Jina alilopewa alipozaliwa analijua mama yake na labda karani mmoja wa ofisi ya vitambulisho. Sisi wengine tunamwita Bi Pindo, na ukimwita vinginevyo haitiki, anadhani unamwita mtu aliye nyuma yake. Jina hilo alilipata kwa haki kabisa. Kila sketi, kila suruali na kila gauni alilowahi kununua lilimzidi urefu, akalikunja chini, akalishona, akalivaa hivyo hivyo. Pindo la sketi yake ya kazini ukilifumua unapata kitambaa cha kumshonea mtoto blauzi, na kinabaki cha kuwekea kiraka.

Ni mfupi. Halafu ana kifua, ana nyonga, ana mapaja, na katikati ana kiuno ambacho wenye urefu wao wangekililia. Mwenyewe husema, "Mimi sikupunjwa. Nilipewa kila kitu, ila nikapangiwa chumba kidogo."

Mimi ninayesimulia ni shoga yake wa kazini. Wananiita Mlingoti, na huhitaji kuuliza kwa nini. Tukitembea pamoja watu wanacheka kabla hatujasema neno, basi tukaamua tuwe tunasema, wacheke kwa sababu.

Kama hujawahi kwenda kununua nguo na mwanamke mfupi mwenye nyonga, bado hujausikia uongo wa wauza nguo. Mimi nimeusikia wote. Suruali ikimtosha nyongani, kiunoni inaacha nafasi ya kuingiza mkono mpaka kiwiko. Ikimtosha kiunoni, ujue bado imekwama mapajani na anaishikilia kwa imani. Na suruali za siku hizi zimechorewa goti kabisa. Goti la suruali likimwangukia Bi Pindo, linamwangukia kwenye ugoko. Muuzaji anatazama hayo yote kwa macho yake mawili, halafu anasema, "Mama, imekukaa hiyo! Inavutika. Ivae tu, itakuzoea."

"Mume wangu aliondoka hajanizoea," Bi Pindo alimjibu mmoja, "itakuwa suruali?"

Kuna lile neno wanaloliandika kwenye lebo, friisaizi, maana yake eti nguo hiyo inamtosha kila mtu. Bi Pindo alishika lebo ile akaenda nayo mpaka kwa mwenye kibanda. "Huyu kila mtu mlimpimia wapi?" akauliza. "Mbona mimi sikuitwa?" Mwenye kibanda akaangalia pembeni akaanza kukung'uta shati lisilo na vumbi.

Duka moja walimwelekeza kwenye nguo za watoto, kwa vile ni mfupi. Akarudi nyumbani na blauzi yenye picha ya bata kifuani. Alipoivaa, bata akatanuka akawa bata mzinga. Duka jingine wakamwelekeza kwenye nguo za kina mama wanene, kwa vile ni mnene, na huko akakuta magauni mapana yenye maua makubwa, marefu ya kuburuza, kwa sababu waliokata nguo zile walidhani mtu akinenepa anarefuka pia. Nilimwona amesimama ndani ya gauni moja akitafuta mikono yake. Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha nikaona macho yake kwenye kioo, nikanyamaza.

Utasema, si aende kwa fundi? Alikwenda. Fundi wetu wa mtaani ana mkono mzuri na kauli mbaya. Kila ukienda anakuambia kesho jioni, na ukienda kesho jioni anakuuliza ulikuja jana saa ngapi. Tena ana haya za ajabu. Kuzungusha tepu kwenye nyonga za mwanamke anaona si adabu, kwa hiyo anakisia kwa macho. Nyonga za Bi Pindo alizikisia kwa adabu sana, na adabu ile ilibana mpaka akashindwa kukaa kwenye kiti cha sherehe, akasimama tangu wageni walipoingia mpaka walipoondoka.

Sasa kichekesho chenyewe ni hiki: mwanamke huyu kazi yake ni kuuza nguo.

Duka letu liko kwenye kona, lina kioo kuanzia chini mpaka juu, kapeti la kijivu, na marashi yanayopulizwa mlangoni kila asubuhi ili mteja aingie akiwa amelewa kidogo. Dirishani zimesimama sanamu za kuonyeshea nguo. Hazina vichwa, na bado zina maringo. Ukipita nje unaona gauni limeishika sanamu kiunoni kama lililozaliwa nayo, unasema na mimi nalitaka lile. Unaingia, unalivaa, linaning'inia. Unajilaumu, unalaumu vitafunio, unalaumu ukoo wa baba yako.

Usichokiona ni mgongo wa sanamu. Nyuma pale gauni limekusanywa, likakunjwa, likabanwa kwa vibanio vya chuma kuanzia shingoni mpaka makalioni. Hata sanamu, ambazo zilichongwa ziwe za kuvaa nguo na hazina kazi nyingine duniani, nguo zetu hazizikai. Sisi wauzaji ndio tunaozibana kila asubuhi. Mkasi hatuwezi kuutumia, maana amri ya duka ni moja: nguo ya dukani haikatwi. Jioni inarudi kwenye hanga, kesho inauzwa mpya.

Katika duka hilo hakuna aliyeuza kama Bi Pindo. Wateja walikuwa wanachungulia mlangoni na kuuliza, "Yule mfupi yupo?" Wakiambiwa ameenda kula, wanasubiri. Sababu ni kwamba alikuwa hasemi uongo. Mteja akitoka nyuma ya pazia huku anajivuta vuta, mimi ningesema umependeza, maana nina njaa zangu. Bi Pindo angesema, "Dada, hilo limekukataa. Livue liende zake, tutafute linalokupenda." Na mteja angecheka, akalivua, akabaki. Mbele ya duka ndipo alipokuwa anaishi. Akiwa pale utani haumwishi na miguu haimuumi, na nilishamwona akija kazini na homa kwa kuhofia wateja wake watahudumiwa na mimi.

Halafu akaja Meneja.

Mwenye duka tunamwita Bosi Mama, na huonekana kwa nadra. Meneja ni mtoto wa kaka yake. Alikuwa ametoka kwenye semina, na mtu aliyetoka kwenye semina ni hatari kuliko aliyetoka jela, kwa sababu aliyetoka jela walau anataka kupumzika. Alitukusanya asubuhi, akasimama mbele ya kioo ili naye ajione, akasema kuanzia sasa muuzaji atavaa anachokiuza. Kila mmoja achague nguo kwenye mzigo mpya. Jumamosi Bosi Mama atakuja na wateja wake wakubwa kuuzindua mzigo huo, na anataka kutukuta tumevaa.

"Na asiyepata ya kumtosha?" akauliza Bi Pindo.

Meneja akatabasamu lile tabasamu la semina. "Tusiseme kutosha. Tuseme kuna maumbo yanayoendana na maono ya duka, na kuna maumbo yenye changamoto. Wenye changamoto watatusaidia sana stoo."

Stoo iko nyuma, chumba kisicho na dirisha, chenye maboksi mpaka darini. Mama mmoja wa mguu mbovu aliwahi kupelekwa huko, na tulikuja kukumbuka kwamba yupo siku tulipotafuta ufunguo. Bi Pindo aliuangalia mlango wa stoo, kisha akaniangalia mimi. Hakusema utani wowote, na hapo ndipo nilipoogopa.

Kesho yake tulifika mapema, kabla Meneja hajafungua simu yake, Bi Pindo akajaribu nguo za duka zima. Nilikuwa nampitishia nguo juu ya pazia na kupokea zinazorudi. Blauzi ya kwanza ilifungika vifungo vyote isipokuwa kile kinachohusika. Sketi ya pili ilipanda mpaka mapajani ikagoma, tukaivua kwa kuishusha polepole, yeye amelala kwenye kapeti na mimi nimevuta pindo, tukicheka kama wajinga. Suruali hatukuzijaribu sana. Gauni moja la kijani lilikubali nyonga, likakubali kifua, halafu chini likaendelea kushuka mpaka likafunika viatu, na mabegani likakaa kama limeazimwa. Ndilo lililokuwa bora.

"Mlingoti," akaniita kutoka nyuma ya pazia.

"Nipo."

"Nimechoka kuziomba nguo radhi."

Nilimpitishia sketi nyingine, akairudisha bila kuivaa.

Jioni ile nilimsindikiza kwao. Anaishi na mama yake mzazi, na ukiwaona wawili hao mlangoni utadhani ni mtu mmoja aliyepigwa picha mara mbili, moja zamani na moja jana. Mama alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Bi Pindo akamweleza habari ya Meneja, Jumamosi na stoo. Mama akasikiliza mpaka mwisho bila kuacha kuchambua.

"Huyo Meneja wenu ana mama?" akauliza.

"Anaye, mama."

"Yukoje?"

"Sijamwona."

"Basi siku ukimwona umtazame nyonga, ndiyo utajua mtoto anamkimbia nani." Akapepeta ungo. "Umbo hilo nilikupa mimi. Na mimi nilipewa na mama yangu. Hatukulinunua dukani, wala hatulirudishi dukani."

"Mama, mimi sitaki kulirudisha. Nataka kubaki mbele. Nikiingia stoo sitatoka tena, nakujulisha tu. Nitakaa na maboksi mpaka nifanane nayo."

Mama akaweka ungo chini. Akamvuta akae karibu yake, akamfuta shavu kwa kiganja chenye unga wa mchele, likabaki jeupe. Mimi nikajifanya nimeona kitu cha maana sana nje ya dirisha.

Ijumaa Meneja akaja na ufumbuzi. Alikuwa amezunguka zile sanamu akafikiri, na alipofikiri akafurahi. "Kwa nini tusifanye kama tunavyofanya kwa sanamu?" akasema. "Bi Pindo avae lile la kijani, tulibane nyuma, tulikunje chini kwa pini. Mbele litakaa safi. Cha msingi ni kimoja tu: usigeuke. Mteja haoni mgongo."

"Nisigeuke kutwa?"

"Kutwa ni neno tu. Ni suala la nidhamu."

Bi Pindo akakubali. Nilimshangaa kidogo, lakini nilimwelewa. Stoo ni stoo.

Jumamosi asubuhi nilimbana mwenyewe. Nilikusanya kitambaa mabegani nikapiga kibanio, nikakusanya kiunoni nikapiga vingine, nikashuka mpaka makalioni, kisha nikapiga magoti nikakunja chini nikatia pini mfululizo. Naye akanibana mimi. Usidhani mimi Mlingoti nilinusurika. Urefu wangu nguo ziliujua, lakini kifua na nyonga zilivyovitarajia mimi sinavyo, basi mgongoni nilikuwa na vibanio kumpita yeye. Tulipomaliza tukasimama mbele ya kioo. Nasema kweli, kwa mbele alikuwa mzuri mpaka nikapata kikohozi. Gauni lilimshika kiuno, likamzunguka nyonga, likaishia chini ya goti mahali hasa linapotakiwa kuishia. Alijitazama muda mrefu.

"Kumbe ndivyo ningekuwa," akasema.

Wateja wakaanza kuingia. Bosi Mama naye akaja, mwanamke mkubwa mwenye sauti ya upole, amevaa koti la rangi ya maziwa kutoka kwenye mzigo huo huo mpya. Alisalimia kila mtu kisha akaenda kusimama kwenye nguzo, mgongo umeegemea. Tukamletea kiti. Akasema yuko sawa. Tukamletea kiti kingine chenye mto. Akasema asante, anapenda kusimama.

Kuuza nguo bila kugeuka ni kazi ya sarakasi. Bi Pindo alikuwa anakwenda pembeni kama kaa, mgongo ameubana kwenye rafu za nguo, na mteja akimwomba nguo iliyo nyuma anaitoa kwa kupapasa. Hanga ikianguka haokoti, maana akiinama vibanio vinamng'ata. Mteja akimzunguka, naye anamzunguka, mpaka mzee mmoja aliyekuja na mkewe akauliza kama wanacheza. Mimi nilikuwa upande wa pili nafanya vivyo hivyo, na kila macho yetu yakikutana tunauma midomo. Lakini nguo zilikuwa zinatoka. Meneja alikuwa anamwonyesha shangazi yake kwa kidevu: unaona?

Ndipo akaingia yule mama.

Alikuwa mfupi, wa kifua na nyonga, umri wa Bi Pindo au kumpita kidogo, amevaa sketi yenye pindo pana, na mimi mapindo nayajua. Alisimama mlangoni na kulikodolea macho gauni la kijani.

"Dada," akamwambia Bi Pindo, "samahani, hilo ulilovaa mnalo?"

"Tunalo, mama. Karibu."

"Siamini macho yangu. Nimezunguka mji mzima. Binti yangu anahitimu, kaniambia mama utakaa mstari wa mbele, utapigwa picha, usije na lile koti lako. Kila ninapoingia naambiwa inavutika. Sasa nakuona wewe, wewe si ni mimi kabisa? Mungu mkubwa! Nipe hilo hilo."

Bi Pindo alifungua mdomo, nikaona ile kauli yake ya kila siku inakuja. Meneja akakohoa. Mdomo ukafungwa. Akapapasa nyuma, akatoa gauni jingine la kijani, akampa.

Yule mama aliingia nyuma ya pazia akiimba kwa sauti ya chini. Tukasikia zipu. Tukasikia wimbo unapungua. Kisha tukaiona miguu ikigeuka geuka chini ya pazia. Alipotoka, gauni lilikuwa limefunika viatu, mabega yamemwangukia, kiuno kimekuja kwenye makalio. Alisimama mbele ya kioo, Bi Pindo pembeni yake, wafupi wawili ndani ya gauni la aina moja, na mtu yeyote angeona tofauti.

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alitabasamu kidogo, kama mtu anayemwombea mwingine udhuru.

"Basi siku zote kosa si la nguo," akasema. "Wewe limekukaa. Ni mwili wangu tu, dada. Nilikuwa nazisingizia nguo bure." Na akaanza kujifuta macho kwa mkono wa gauni, akakumbuka si lake, akaacha.

Nilimtazama Bi Pindo. Uso wake ulibadilika kama mtu aliyepigwa kofi na ndugu. Meneja akakohoa tena, kikohozi kirefu chenye amri ndani. Bosi Mama kwenye nguzo yake alikuwa ameshika mkoba kwa mikono miwili.

Bi Pindo akageuka.

Aligeuka polepole, akatupa mgongo wote, duka zima likauona: vibanio vimepangana kutoka shingoni mpaka makalioni, kitambaa kimekusanyika katikati kama gunia lililofungwa, na pini chini zinameremeta. Yule mama akasogea, akanyoosha kidole, akagusa kibanio cha kwanza, kisha cha pili.

"Kumbe umeshikiliwa!" akasema.

"Nimeshikiliwa, mama yangu. Na wewe huna kosa lolote, usikie. Huna kosa."

Yule mama akaanza kucheka. Alicheka huku machozi bado yanatoka, akamshika Bi Pindo mabega, naye Bi Pindo akacheka, vibanio vikalia kwa pamoja. Mteja mwingine akanitazama mimi. "Na wewe mrefu, hebu geuka." Nikageuka. Kelele zilizopigwa pale nadhani zilisikika mpaka kwa fundi. Mwanamke wa tatu, mwenye miwani, akaenda zake dirishani bila kuomba ruhusa, akachungulia nyuma ya sanamu.

"Hata hizi?"

"Hata hizo," nikamjibu, maana sasa nilikuwa nimeshapotea, kwa nini nipotee kimya. "Zilichongwa kwa kazi hiyo na bado nguo hazizikai."

"Wateja wapendwa," Meneja akapaza sauti, "hii ni mbinu ya kimataifa ya uonyeshaji!" Hakuna aliyemsikia. Watu walikuwa wanafunua migongo ya sanamu zote, wengine wanapiga picha, na yule mzee aliyekuja na mkewe anamwambia mkewe, unaona, nilikuambia kila siku huna shida yoyote, na mkewe anamwambia hukuwahi.

Katika fujo hiyo ndipo nilipomwona Bosi Mama akiondoka. Aliaga kwa mkono, akatabasamu kwa wote, akaenda mpaka mlangoni, akautafuta mlango kwa kisigino, akatoka. Alitoka kinyumenyume. Barabarani alifika mpaka kwenye gari lake hivyo hivyo, ametuelekea, anapunga mkono, na mpita njia mmoja akalazimika kumpisha.

Watu walipopungua Meneja akamwita Bi Pindo. "Umeuonyesha mgongo wa duka letu," akasema. "Nilikupa nafasi. Jumatatu uingie stoo, na huko uvae unachotaka."

Nikataka kusema kitu. Bi Pindo akanishika mkono. "Niache nitoe hivi kwanza," akasema, na tukaenda nyuma ya pazia kutoana vibanio. Mgongo wake ulikuwa na alama nyekundu mstari mzima. Hakulia. Alikunja gauni la kijani vizuri, akalirudisha kwenye hanga kwa mikono yake mwenyewe.

Jumatatu akaingia stoo akiwa na sketi yake ya pindo. Mbele duka lilikuwa na watu wengi kuliko nilivyowahi kuona, wote wanauliza yule mfupi yupo wapi, na mimi nawaambia yuko stoo, na wao wananiangalia kama nimemuua. Meneja aliwaonyesha mzigo mpya. Walikuwa wanaugeuza, wanaangalia nyuma, wanaurudisha. Hakuna aliyenunua hata soksi.

Alasiri nilikwenda stoo kumpelekea chai. Nilikuta mlango wa nyuma, ule wa kupokelea mizigo, uko wazi, na Bosi Mama amesimama kati ya maboksi. Hakuwa na gari wala Meneja. Alikuwa amevaa lile koti la rangi ya maziwa, mgongo ameuegemeza kwenye maboksi. Bi Pindo ameketi juu ya boksi mbele yake, ameshika karatasi ya kufungia, hajui kama asimame.

"Nimeambiwa hawanunui," Bosi Mama alikuwa anasema.

"Wanaogopa, mama."

"Wanaogopa nini?"

"Kudanganywa tena. Duka lile halina nguo ya mtu. Ni nguo za vibanio."

Nilibaki mlangoni na kikombe, chai inanichoma vidole, nisidiriki kusogea. Mwisho Bosi Mama akasema kwa sauti ndogo, ambayo haikuwa ya mwenye duka, "Binti yangu ndiye aliyekuwa ananibana kila asubuhi. Tangu aolewe najibana mwenyewe. Vibanio vya katikati sivifikii."

Bi Pindo akasimama. Alimfikia kifuani tu. Akaweka karatasi chini, akajifuta mikono kwenye sketi.

"Una mkasi hapa?" Bosi Mama akauliza.

"Nguo ya dukani haikatwi, mama. Amri yako."

"Hiyo amri nimeifuta. Kesho urudi mbele, na huyo fundi wenu mwenye haya uliyenisimulia umwambie kuna meza yake humu, aje na tepu aone haya akiwa kazini." Akavuta pumzi. "Na wewe utakuwa umevaa nini kesho?"

"Hii hii sketi yangu. Pindo lake nimeshona mwenyewe, halina pini hata moja."

"Haya."

"Haya, mama," akasema Bi Pindo, na akampigapiga bega taratibu kama anavyofanya kwa mteja aliyetoka nyuma ya pazia. "Sasa geuka nikuone."

Bosi Mama akatazama mlangoni, akaniona mimi na kikombe changu. Nilidhani atanifukuza. Akaniangalia, akaangalia dari, kisha akageuka.